Simu ya upepo kwenye gokati: nani anaruhusiwa kuongea na dereva, na kwa nini

Kila wikiendi ya Formula 1 watazamaji humsikia dereva akilalamikia tairi na mhandisi wake akimjibu kwa utulivu, utadhani wamekaa chumba kimoja. Siku chache baadaye mzazi anampeleka mwanawe kwenye gokati, anakuta watoto wamevaa helmeti na suti zinazofanana na za wale wa kwenye televisheni, na swali lake la kwanza kwa kocha ni hili: mbona wetu hawana redio? Wapo wasiouliza. Wanafika uwanjani na simu za upepo walizokwisha kununua, waamuzi wanawaambia wazirudishe kwenye begi, na manung'uniko yanaanzia hapo: klabu ina upendeleo, waandaaji hawajaendelea, mtoto ananyimwa haki yake.

Kwenye gokati redio inakatazwa katika mbio za aina fulani, inaruhusiwa katika nyingine, na zipo mbio ambazo dereva haingii njiani bila kuvaa kifaa chake. Mtu akishajua ni chombo gani kinazungumziwa na mbio ni za aina gani, kila uamuzi una sababu inayoeleweka. Tatizo ni kwamba vyombo vinne tofauti vinaitwa vyote kwa jina moja la redio.

Gokati ni gari dogo lisilo na bodi, lisilo na springi, lisilo na mkanda wa kiti. Dereva anakaa sentimita chache juu ya lami, na injini iko ubavuni mwake. Madaraja mengi ya mashindano hutumia injini za cc 125 za mipigo miwili, zinazozunguka mara 14,000 kwa dakika na wakati mwingine zaidi ya hapo. Afrika Mashariki wengi wamezijua gokati kupitia njia ya mbio ya Lang'ata jijini Nairobi, na ndugu zetu walioko Ghuba wanazifahamu kupitia Muscat Speedway na Dubai.

Sasa vyombo vyenyewe. Simu ya upepo, ambayo wengi tunaiita redio koli, ni ile wanayobeba walinzi na madereva wa watalii. Unabonyeza kitufe unaongea, unaachia unasikiliza. Kila upande unaweza kutuma na kupokea, ila si kwa wakati mmoja. Wakati umebonyeza, humsikii mwenzako hata awe anakuonya juu ya ajali iliyo mbele yako. Jambo hili ndilo linaloleta madhara mengi kwenye gokati, na nitalirudia huko mbele.

Chombo cha pili ni kipokezi cha upande mmoja. Hiki kinasikia tu. Dereva hana kitufe wala maikrofoni. Marekani, kwenye gokati zinazoshindana katika njia za duara za udongo, vilabu vingi vinamtaka kila dereva avae kipokezi cha namna hii, na masafa yanayotumika sana ni megahezi 454. Anayeongea ni mkuu wa mbio peke yake. Gokati ikipinduka anatangaza njano, wote wapunguze, na madereva wote wanasikia kwa pamoja, hata yule ambaye vumbi limemficha bendera. Baba mtu hana nafasi kwenye mawimbi hayo, wala kocha.

Cha tatu ni intakomu. Waliokwenda Naivasha kuangalia Safari Rally tangu iliporudi kwenye ratiba ya dunia mwaka 2021 wameona dereva na msomaji wake wakiwa na maikrofoni mdomoni. Ile kwa kawaida ni waya unaounganisha helmeti mbili ndani ya gari moja. Msomaji anamtajia dereva kona zinazokuja, na sauti yake haihitaji kupita hewani. Kwenye gokati kuna kiti kimoja, kwa hiyo intakomu haina kazi.

Cha nne ni transponda, kile kidude kidogo kinachofungwa nyuma ya kiti. Wazazi wengi hudhani ndiyo redio, na wengine hushuku kwamba kinawapa wapinzani siri za gari lao. Kazi yake ni kutoa namba ya utambulisho gokati inapopita juu ya waya uliofukiwa chini ya lami, ili mashine ya muda ijue nani amemaliza mzunguko. Hakibebi sauti, na hakijui lolote kuhusu injini.

Tukija kwenye sheria, mbio zinazoleta ugomvi mwingi ni zile fupi, za mizunguko michache, ambazo watoto na vijana hushindania ubingwa. Huko kanuni za FIA, chombo kinachosimamia mbio za magari duniani, zimekataza kwa miaka mingi mawasiliano ya redio kati ya dereva aliye njiani na mtu mwingine yeyote, na vilabu vya nchi nyingi vimefuata mkondo huo. Sababu kubwa ni kwamba mbio hizi zinapima kichwa cha dereva sawa na mikono yake. Je, anaona mwenyewe kwamba lami imeanza kukauka? Anajua lini ajilinde na lini ashambulie? Akiambiwa haya yote na mtu mzima aliyesimama ukutani kando ya njia, mshindi ni yule mwenye baba anayeongea vizuri zaidi.

Na msidhani hoja hii ni ya watoto tu. Formula 1 yenyewe iliwahi kugombana juu yake. Kanuni yao inasema dereva aendeshe gari peke yake bila msaada, na mwaka 2016 waliibana kiasi kwamba timu ilikatazwa kumpa dereva maelekezo mengi ya kiufundi. Kwenye mbio za Uingereza kule Silverstone, Julai mwaka huo, gia za Nico Rosberg zilileta hitilafu na timu yake ikamwambia kwa redio jinsi ya kuikwepa gia ya saba. Aliongezewa sekunde 10, akashuka kutoka nafasi ya pili hadi ya tatu. Wiki chache baadaye makatazo mengi yaliondolewa. Rosberg na Lewis Hamilton, waliokuwa wakipigania ubingwa msimu ule, waliwahi kuwa timu moja kwenye gokati wakiwa vijana, na ni kwenye gokati walikojifunza kusoma mbio bila mtu sikioni. Mzazi anayeona mwanawe anacheleweshwa kwa kunyimwa redio afikirie hilo kwanza.

Mbio ndefu ni jambo jingine. Zipo za saa 6, saa 12, hadi saa 24, kama zile za gokati zinazofanyika Le Mans nchini Ufaransa. Madereva wanapokezana, mafuta yanaisha, mvua inakuja usiku. Hapa baadhi ya waandaaji huruhusu redio, kwa sababu swali linalogombaniwa limebadilika: timu ipi inapanga vizuri zaidi? Dereva ambaye amekaa kwenye kiti dakika 50 anahitaji kujua kwamba mwenzake hajamaliza kuvaa glavu, kwa hiyo azunguke mara moja zaidi kabla ya kuingia piti, mahali pa kupokezana. Hili akili yake pekee haiwezi kuligundua. Siku za mazoezi pia vilabu kadhaa huwaachia makocha waongee na wanafunzi wao, na mimi naona huko ndiko redio inakofaa kuliko kote, mradi kocha ajue kunyamaza.

Tuseme basi umeruhusiwa. Ugumu wa kwanza ni mwili wa dereva. Kwa kuwa gokati haina mkanda, ikipinduka dereva hurushwa nje, na imepangwa hivyo makusudi. Sasa fikiria redio iliyofungwa kwenye chasisi, na waya wake umeingia hadi ndani ya helmeti. Mwili unaondoka, redio inabaki, na kinachovutwa katikati ni kichwa. Kwa hiyo mahali pa redio ni mwilini mwa dereva, na kama kuna waya wowote unaokwenda kwenye gari, kwa mfano wa kitufe kilicho kwenye usukani, lazima uwe na kiungio kinachoachia chenyewe kikivutwa kidogo. Kijaribu kwa vidole viwili kabla ya kila mzunguko wa mazoezi. Kikikataa kutoka, hakifai.

Halafu kuna mbavu. Kiti cha gokati ni kigumu na kinabana, na kwenye kona kali nguvu ya pembeni inaweza kufikia mara mbili ya uzito wa dereva. Ndiyo maana madereva huvaa kinga ya mbavu. Redio iliyopachikwa ubavuni, kati ya kinga na kiti, inageuka kuwa jiwe linalogonga mbavu ileile kila kona. Iwekwe juu kifuani, ndani ya mfuko wa kitambaa uliokazwa, na antena isimame wima ikielekea begani. Ikilala au ikibanwa na mwili, mawimbi mengi yanaishia kwenye nyama na maji ya mwili wa dereva badala ya kufika ukutani kwa kocha.

Urefu wa antena nao una sababu. Kwa masafa ya kiasi cha megahezi 450, urefu wa wimbi ni karibu sentimita 67, na antena inayofanya kazi vizuri ni robo yake, yaani kama sentimita 17. Kwa megahezi 150 wimbi ni mita 2, na robo yake ni nusu mita. Hakuna mahali pa kuweka fimbo ya nusu mita kwenye mwili wa mtoto anayeendesha gokati. Antena fupi iliyobanwa kwa masafa hayo ipo, ila inapoteza nguvu nyingi. Kwa hiyo wengi huishia kwenye masafa ya juu.

Ugumu wa pili ni kelele, na kelele ziko mbili. Ya kwanza ni ya injini, inayoingia kwa masikio. Kosa la kawaida ni kuongeza sauti ya redio hadi ishinde injini. Matokeo yake dereva anapigwa na kelele mbili badala ya moja, na jioni masikio yanavuma. Njia sahihi ni kuziba kwanza: visikizi vinavyojaza tundu la sikio, vikishikiliwa na plasta ya kitambaa ili visitoke helmeti inapovaliwa. Sikio likishazibwa vizuri, sauti ndogo inatosha. Maikrofoni nayo ikae karibu kabisa na midomo, ndani ya kidevu cha helmeti, iwe ya aina inayokata kelele za mbali.

Kelele ya pili ni ya umeme. Injini ya mipigo miwili inayozunguka mara 14,000 kwa dakika hupiga cheche zaidi ya 230 kwa sekunde, na kila cheche ni kituo kidogo cha redio kinachotangaza mlio wake kwa kila aliye karibu. Dereva anasikia mkwaruzo unaopanda na kushuka kila anapokanyaga mafuta, halafu analaumu redio. Dawa yake mara nyingi ni kofia ya plagi yenye kizuizi cha umeme ndani, au plagi yenye kizuizi hicho. Kwa plagi za NGK hutambulika kwa herufi R kwenye namba yake. Angalia kwanza kitabu cha injini na kanuni za daraja lako, kwani plagi na kofia hukaguliwa. Nyaya za redio zikae mbali na koili.

Sasa nirudi kwenye kile kitufe. Redio nyingi za bei nafuu zina kipengele cha kujiwasha zenyewe zikisikia sauti, na wauzaji hukisifia: dereva hana haja ya kubonyeza chochote. Kwenye gokati ni balaa. Injini yenyewe ni sauti. Redio inaisikia, inadhani dereva anaongea, inaanza kutuma na haiachi. Kocha anasikia muungurumo wa dakika kumi, na dereva hasikii neno hata moja, kwa sababu redio inayotuma haipokei. Hali hiyohiyo hutokea kitufe kikinasa chini ya glavu. Na kama timu tatu zinatumia chaneli moja, mmoja akinasa wote wamekwama. Kipengele hicho kizimwe kabla redio haijatoka kwenye boksi lake.

Kuna imani tatu zinazozunguka madukani ambazo ningependa tuachane nazo. Ya kwanza ni kwamba wati nyingi ndiyo redio nzuri. Njia nyingi za gokati hazizidi kilomita moja na nusu kwa urefu, na ukisimama katikati, kona ya mbali kabisa iko mita mia chache tu. Ulaya kuna redio zisizohitaji leseni za nusu wati tu, na kwa umbali huo nguvu hiyo hutosha mbele ya kocha pakiwa wazi. Kinachoua mawasiliano ni banda la mabati, malori yaliyoegeshwa, na kocha aliyekaa chini kivulini. Panda ukutani, utaona tofauti. Ya pili ni zile kilomita zilizoandikwa kwenye boksi, ambazo hupimwa mahali pasipo na kizuizi, kutoka juu kwenda juu, na hazikuhusu uwanjani.

Ya tatu ni ile ya chaneli ya siri. Redio nyingi zina namba za ziada ambazo watu huamini zinaficha mazungumzo. Hazifichi. Namba hiyo ni mlio mdogo usiosikika unaotumwa pamoja na sauti yako, na kazi yake ni kuiambia redio yako isifungue spika mpaka mlio huo uwepo. Yaani wewe husumbuliwi na wengine, lakini wao, wakizima kipengele hicho, wanakusikia bila shida. Na mkiongea wote kwa pamoja bado mnagongana: kwa kawaida mwenye mawimbi yenye nguvu zaidi anasikika, mwingine anapotea kabisa bila kujua kwamba amepotea.

Yote haya yakitengemaa, linabaki swali gumu kuliko la umeme: useme nini? Chukua sehemu iliyonyooka ya mita 150. Gokati inayokwenda kilomita 100 kwa saa inaimaliza kwa sekunde tano na ushei, na ndani ya hizo dereva anatazama kioo kinachomwonyesha muda wake, anakagua aliye nyuma na kutafuta mahali pa kukanyaga breki. Hapo ndipo pekee anapoweza kusikia. Ukiongea akiwa kwenye breki au katikati ya kona, umemnyang'anya akili wakati anaihitaji kuliko wakati wowote.

Mtu anayejua kazi hii kuliko sisi wote ni konda wa daladala. Anagonga bati mara moja, gari linasimama. Anagonga mara mbili, linaondoka. Hamwelezi dereva kwa nini abiria anashuka, wala hamkumbushi kwamba kituo kilichopita walichelewa. Kocha wa gokati anatakiwa afikie hapo. "Njano, kona ya tatu." "Nyuma, karibu." "Mizunguko miwili." "Ingia sasa." Maneno mawili, matatu, manne, kisha kimya. Nimewahi kusikia kocha akianza na "Sasa sikiliza kijana, unajua pale kona ya pili nilikwambia asubuhi usiwahi breki", na alipofika kwenye breki kijana alikuwa ameshapita kona mbili zaidi bila kujua kocha anazungumzia ipi. Hayo ni maneno ya kwenye kiti cha plastiki, baada ya helmeti kuvuliwa.

Dereva naye hana haja ya kujibu kwa sentensi. Kubonyeza kitufe mara mbili bila kuongea kunatosha kusema amesikia, na kama mikono imebanwa, ainue kidole anapopita ukutani. Aongee mwenyewe pale tu ana habari ambayo ukutani hawaioni: mafuta njiani, breki inalegea, injini inakatika. Na anayeongea naye awe mmoja. Baba, mjomba na fundi wakishika redio kwa zamu, mtoto hajui amsikilize nani, na akikosa atalaumiwa na wote watatu.

Redio haiwezi kufuta bendera. Mwamuzi akipunga nyekundu na kocha akasema endelea, dereva anasimama. Hili lisemwe wazi kwa mtoto kabla hajawasha injini, tena lisemwe na kocha mwenyewe, kwa sababu mtoto anamwamini yule anayesikia sikioni kuliko mtu mgeni mwenye kitambaa.

Kabla ya kulipia chochote, fanya mambo mawili. Soma kanuni za mbio unazoingia, kwani klabu inayoruhusu redio Jumamosi ya mazoezi inaweza kuikataza Jumapili ya mashindano. Kisha uliza mamlaka ya mawasiliano ya nchi yako, TCRA kwa Tanzania, CA kwa Kenya, UCC kwa Uganda, ni redio zipi zimeidhinishwa na ni masafa gani unaweza kupewa kibali. Simu ya upepo iliyonunuliwa mtandaoni inaweza kuja ikiwa imewekewa masafa yanayotumiwa na ulinzi au huduma za dharura, na ukibonyeza kitufe uwanjani hujui unamkatiza nani. Muuzaji akishakuwekea masafa yako halali, mwambie azifunge chaneli nyingine zote, ili hata kidole kikiteleza redio isihame. Kama jibu la klabu ni kwamba redio hairuhusiwi kabisa, nunua ubao mweusi na namba nyeupe za urefu wa kiganja, simama mahali palepale kila mzunguko, mwishoni mwa sehemu ndefu iliyonyooka kabla dereva hajafika kwenye breki, na mwonyeshe nafasi yake na mizunguko iliyobaki.